Njia nne za kumfunza mwanafunzi kuandika hoja kuu kwa Kiingereza: ipi imfae nani?

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne humu nchini Kenya ni hodari wa kuthibitisha. KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, imemfunza hivyo. Katika karatasi ya tatu ya Kiingereza, 101/3, na katika Fasihi ya Kiswahili, 102/3, mtahini humkabidhi kauli iliyokwisha kuiva, kisha humwamuru aonyeshe ukweli wake akirejelea riwaya au tamthilia teule. Hata insha ya methali hufuata mkondo huohuo: kauli imetangulia, kisa kinafuata kuitetea. Kuamua ni lipi la kusemwa hakujawahi kuwa kazi yake.

Kisha anaingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Katika kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo vyuo vingi vya Nairobi huifanya ya lazima, anaambiwa achague mada, aandike kurasa sita, na kwenye utangulizi aweke hoja kuu yake, yaani sentensi moja au mbili zinazotamka msimamo ambao mtu mwenye akili timamu anaweza kuupinga. Anatafuta kauli ya kuthibitisha, haioni. Ndipo anapoandika sentensi ambayo wahadhiri tumeisoma hadi tukaichoka: "This essay will discuss the effects of..."

Nakikazania chanzo hiki kwa sababu wenzangu wengi huliona tatizo kuwa la lugha, wakaongeza mazoezi ya sarufi. Sarufi ya sentensi ile haina kosa lolote. Kilichokosekana ni msimamo. Na hali haitabadilika kesho: kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa, litafanya KCSE mwaka 2027, kwa hiyo kumbi zetu zitaendelea kuwa na mabingwa wa kuthibitisha hadi miaka ya 2030.

Kwa hiyo swali ninalolitumia kupimia njia hizi nne ni moja: je, inamfunza mwanafunzi kuchukua msimamo, au inampa tu sentensi inayopendeza? Nitazipitisha zote katika mada moja ili tofauti zionekane waziwazi, nayo ni barabara ya Nairobi Expressway. Hakuna mwanafunzi wa jiji hili asiye na neno juu yake. Ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa ubia na serikali, ikafunguliwa mwaka 2022, na anayeipanda hulipa kulingana na umbali. Asiyelipa hubaki chini, Mombasa Road. Mifano ya hoja nitaiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa tunachopima hapa ni wazo. Darasani huandikwa kwa Kiingereza.

Kiolezo

Hii ndiyo njia iliyoenea zaidi, na ndiyo pekee inayofundishika bila shida katika ukumbi wa watu mia mbili. Mwalimu huandika ubaoni "Although..., ... because..." na wanafunzi hujaza. Nafasi ya kwanza ni ya maoni ya upande wa pili, ya katikati ni ya msimamo wako, ya mwisho ni ya sababu. Kipindi kimoja kinatosha, na kila mmoja hutoka na sentensi mkononi.

Uzuri wake ni wa kweli. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kufikiria kwamba mpinzani anaweza kupewa nafasi ndani ya sentensi yako mwenyewe hulielewa jambo hilo papo hapo. Tena hupata muundo unaopendwa sana na Kiingereza cha kitaaluma: kishazi tegemezi kinatangulia, kishazi huru kinabeba uzito wa jambo. Kwa kijana aliyekulia Kikamba, Kiswahili au Sheng nyumbani, huo si msaada mdogo.

Lakini tazama kinachotokea ukiwapa mada yetu. Hoja inayorudi kwa wingi ni hii: "Ingawa Expressway ina faida nyingi, ina hasara pia kwa sababu ni ghali." Nafasi zote zimejazwa na hakuna kilichosemwa. Faida zipi? Ghali kwa nani? Na sababu yenyewe ni ile hasara iliyorudiwa kwa jina jingine. Mwalimu mwenye rundo la karatasi hadi dirishani huona "although", huona "because", huweka tiki. Mwanafunzi naye huamini amefika. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kuhusu kiolezo: humfichia mwanafunzi pengo lake, na humfichia mwalimu pia.

Ndugu yake wa karibu ni hoja ya sababu tatu, "because of" hiki, hiki na hiki, inayozaa insha ya aya tano. Mwenye sababu mbili nzuri hulazimika kubuni ya tatu. Mwenye moja nzito, inayohitaji kurasa nne, huikata ili nyingine zipate nafasi.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kiolezo hakina mshindani: mtihani wa saa. Wauguzi wengi wa jiji hili wanaojiandaa kwenda Uingereza hukalia IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, na sehemu ya pili ya uandishi huwataka waandike maneno yasiyopungua 250 kwa takriban dakika 40. Mtahini amekwisha kuwapa ubishi. Kinachobaki ni kuchagua upande na kuutamka sawasawa. Mtu wa namna hiyo umfunze kiolezo, umpe mazoezi mengi, umwache aende. Kumzungusha kwingine ni kumpotezea muda na ada ya mtihani.

Upande wa pili wa urahisi huo ni kwamba programu za akili mnemba hujaza kiolezo kwa sekunde, tena vizuri kuliko wengi wetu. Ukitoa zoezi la kiolezo likafanywe nyumbani, hujui tena unasahihisha kazi ya nani.

Swali kwanza

Hapa mwanafunzi haruhusiwi kuandika hoja hadi awe na swali, na swali lenyewe lazima lipite mtihani mmoja: je, watu wawili waliosoma ushahidi uleule wanaweza kulijibu tofauti? Likipita, analijibu kwa sentensi moja, anaongeza kwa nini, na jibu hilo ndilo hoja kuu. Insha yote ni utetezi wa jibu.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo, wiki ya kwanza huwa ngumu, kwa sababu maswali ya mwanzo karibu yote huanza na "athari gani" au "changamoto gani". Swali la namna hiyo huzaa orodha, na orodha haina upande. Kazi ya mwalimu ni kuuliza tena bila kumjibia. Mazungumzo huwa namna hii:

"Nataka kuandika kuhusu athari za Expressway, Mwalimu."

"Athari kwa nani?"

"Kwa wananchi."

"Wewe asubuhi hutoka wapi?"

"Mlolongo."

"Na hupita juu au chini?"

"Chini, kwa matatu."

"Basi barabara ya juu imekufaa wewe wa chini?"

Hapo mwanafunzi husita, na kusita huko nakuthamini kuliko sentensi yoyote ya kiolezo. Akisema imemfaa, kwa kuwa baadhi ya magari yamepanda juu, jirani yake atasema yeye bado huchelewa kipindi cha saa mbili. Wote wawili ni abiria wa njia moja. Ubishi umepatikana. Swali jipya linakuwa: Expressway imemfaa abiria wa matatu wa Mlolongo kwa kiasi gani, ukimlinganisha na mwenye gari? Na baada ya kusoma na kuhesabu, jibu linaweza kuwa: "Expressway imewafaa wenye magari kuliko abiria wa matatu wa Mlolongo, kwa sababu iliyapandisha juu baadhi ya magari bila kuyatengea mabasi njia yao wenyewe huku chini." Unaweza kuikataa hoja hiyo. Unaweza kuitafutia takwimu za muda wa safari na nauli. Na yeyote aliyeiandika anajua aya zake zinaelekea wapi.

Linganisha na ile ya kiolezo. Zote mbili zina "kwa sababu", lakini hii ya pili inadai kitu kuhusu dunia, na dai hilo linaweza kuangushwa. Mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alieleza mwaka 1958 kwamba hoja ina dai, ina ushahidi, na ina kiungo kinachoruhusu kutoka kwa ushahidi kwenda kwa dai. Kiungo ndicho wanafunzi husahau. Huwa nawauliza: kwa nini kukosekana kwa njia ya mabasi kunamaanisha abiria hawakufaidika? Anayeweza kujibu ana insha. Asiyeweza ana sentensi tu, na ni afadhali agundue hivyo kabla hajaandika kurasa sita.

Mada hiyohiyo ina maswali mengine yanayochipuka vizuri. Mwezi wa Novemba 2020, wakati wa ujenzi, mti mkubwa wa mgumo wa Waiyaki Way pale Westlands uliokolewa kwa agizo la rais, huku miti mingine mingi kando ya njia ikikatwa. Kwa nini huo na si mingine? Ni uzito wa mgumo katika mila, ni kelele za wanamazingira, au ni mahali uliposimama? Mwanafunzi wa sheria, wa historia na wa mipango miji watalijibu kila mmoja kwa upande wake, na hapo ndipo wanapoona wenyewe kwamba taaluma zao hazitazami jambo moja kwa jicho moja.

Gharama ya njia hii ni muda na masikio. Huwezi kuwauliza watu mia mbili mmoja mmoja. Unaweza, hata hivyo, kuwafunza wakae wawili wawili wakaulizane "kwa nani?", "wapi?", "ukilinganisha na nini?". Nimeona maswali hayo matatu yakifanya kazi kubwa hata pale mwalimu asipokuwapo. Kasoro nyingine ni kwamba hoja za mwanzo hutoka zikiwa na Kiingereza kibovu, kirefu, chenye viunganishi vilivyopotea njia. Usishtuke. Sentensi mbovu yenye msimamo hurekebishika kwa dakika kumi. Nzuri isiyo na msimamo hurudi kwenye sifuri.

Mifano

Njia ya tatu ni kuwapa wanafunzi hoja tano zilizoandikwa na wengine, nzuri na dhaifu zikichanganywa bila majina, wazipange kuanzia bora hadi hafifu na watetee mpangilio wao. Darasa huchangamka, hasa wanapokosana kuhusu ya pili na ya tatu. Faida yake kubwa ni kwamba mwanafunzi hupata kipimo. Wengi hawajawahi kuona hoja nzuri hata moja. Utawadai vipi waandike wasichokiona?

Inahitaji akiba. Mwalimu anayeanza leo hana insha za miaka iliyopita, na akichukua mifano kutoka vitabu vya Marekani darasa litajadili sheria za bunduki na timu za vyuo vya huko, mambo ambayo mwanafunzi wa Kasarani hana la kuyasemea. Kusanya za hapa kidogo kidogo, kwa ruhusa ya wenyewe.

Mfano wa hapa nyumbani ambao sichoki kuurudia ni waraka wa Oktoba 1968 ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Walikuwa wakijibu mapendekezo ya kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza, wakadai idara hiyo ivunjwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Msomaji hahitaji kubahatisha wanataka nini, na angeweza kuwapinga, wapo waliowapinga. Ukiutazama vizuri waraka huo utaona kwamba msimamo wao ulizaliwa na swali: kama kuna haja ya kufuatilia historia ya utamaduni mmoja, kwa nini usiwe wa Kiafrika? Ndiyo maana naiona njia ya mifano kuwa msaidizi wa njia ya swali. Ikiachwa peke yake, wanafunzi huiga mlio wa hoja nzuri. Wakiulizwa "hoja hii inajibu swali gani?", hujifunza ilivyotengenezwa.

Mifano pia ndiyo huonyesha kwamba hoja kuu haikai mahali pamoja katika kila taaluma. Mtafiti John Swales alionyesha mwaka 1990 kwamba utangulizi wa makala ya utafiti kwa kawaida hupita hatua tatu: kuonyesha uwanja, kuonyesha pengo, kisha mwandishi kulijaza pengo hilo. Dai hukaa katika hatua ya tatu, ambayo inaweza kuwa ukurasa wa pili au wa tatu. Mwanafunzi wa uhandisi anayeandika ripoti ya maabara hana haja ya hoja ya kubishaniwa. Ana lengo na nadharia tete ya kujaribiwa. Kumlazimisha aandike "although" kwenye ripoti ya nguvu za zege ni kumwonea.

Andika kwanza

Wapo waalimu wanaosema hoja haitafutwi, hugunduliwa kwa kuandika. Peter Elbow wa Marekani alilitetea wazo la kuandika huru, bila kusimama kusahihisha, tangu mwaka 1973. Mwanafunzi anamwaga kurasa tatu za vurugu, kisha anarudi kutafuta alichokuwa anakisema.

Nina ushahidi wa macho yangu kwamba inafanya kazi, na mara nyingi jibu hukaa mahali pamoja: aya ya mwisho. Mwanafunzi ameanza na "Expressway ina athari nyingi", amezunguka kwa nauli, vumbi na ushuru, na anapochoka anaandika kwamba serikali ilijenga barabara ya watu wachache kwa ardhi ya watu wote. Hiyo ndiyo hoja! Ichukue, ipandishe juu, kisha ukate kila aya isiyoitumikia. Kwa wanafunzi wenye mengi ya kusema lakini wanaoganda wakiambiwa "andika hoja", sijaona njia yenye huruma kuliko hii.

Tatizo ni rasimu ya pili. Mwanafunzi wa masomo ya jioni anayetoka kazini Industrial Area saa kumi na moja, akaingia darasani saa kumi na mbili na kufika nyumbani saa nne usiku, hana nafasi ya kuandika kazi moja mara mbili. Atakuletea vurugu la kwanza likiwa limepigwa chapa vizuri. Na mwalimu naye anasoma mara mbili. Kwa hiyo mimi naiweka njia hii kwa kazi kubwa: mradi wa mwaka wa nne, au uzamili, ambapo kuna msimamizi na kuna miezi.

Mdahalo, ambao tuliurithi kutoka vilabu vya shule za upili, nautaja kwa upesi tu. Unachangamsha na unamzoesha mwoga kusimama upande mmoja, lakini huzaa hoja za kupindukia: Expressway ni baraka tupu au ni laana tupu. Ufae kama joto la mwanzo wa kipindi.

Uchague ipi

Msome mwanafunzi kabla ya kuchagua. Mpe mada, mwambie akueleze kwa mdomo, kwa lugha yoyote aipendayo, anaamini nini. Akieleza msimamo mzuri kwa Kiswahili kisha akaandika upuuzi kwa Kiingereza, tatizo lake ni sentensi; mpe kiolezo leo hii, kitamkomboa. Akishindwa kueleza hata kwa lugha ya mama yake, kiolezo kitamdhuru. Mrudishe kwenye swali. Akiwa na mengi yasiyo na mpangilio, mwache aandike kwanza. Akiandika hoja moja butu kila mara na haoni ubutu wake, mwonyeshe mifano.

Lakini wengi wetu hatuchagulii mtu mmoja. Tunachagulia ukumbi mzima. Kwa ukumbi wa mwaka wa kwanza hapa Nairobi, chaguo langu ni swali kwanza, bila kusitasita, kwa sababu ndilo pekee linalogusa pengo lililoachwa na miaka minne ya kuthibitisha kauli za wengine. Mifano ije wiki inayofuata, ipangwe na kuulizwa kila mmoja ilijibu swali gani. Kiolezo kije mwisho, wakati msimamo umekwisha kupatikana na kinachotafutwa ni sentensi ya kuubeba. Walimu wengi huanza na kiolezo kwa kuwa ni chepesi, kisha muhula unaisha kabla hawajafika kwenye swali.

Ukiwa na ukumbi mkubwa na hofu ya akili mnemba, mwombe kila mwanafunzi alete swali lake limeandikwa kwa mkono, pamoja na majibu mawili yanayopingana na sababu ya kuchagua moja. Ukurasa huo mmoja husomeka kwa dakika mbili, na ukimwita mbele akuelezee utajua mara moja kama ni wake.

Na alama zigawanywe ipasavyo. Nashauri hoja kuu isahihishwe mara mbili: kwanza lile swali na jibu lake, kabla insha haijaandikwa, kisha sentensi yenyewe katika nakala ya mwisho. Mwanafunzi aliyebadilisha msimamo katikati kwa sababu ushahidi ulimkatalia asikatwe alama. Aandike aya fupi mwishoni kueleza ni ushahidi upi uliomgeuza, na aya hiyo ipewe alama zake.